Siku Kumi za Maua

Mpunga wa Bibi Yuezhen ulikuwa umetimiza siku ya ishirini na mbili tangu upandikizwe, na haukuwa umeongeza hata jani moja. Majaruba ya majirani yalikuwa yameziba, kijani kitupu, maji huyaoni. La kwake lilikuwa kama kichwa kilichonyolewa vibaya: mche hapa, mche pale, yote ya manjano, ncha zimekauka. Ukiingiza mguu topeni mapovu yalipanda na kupasuka, na harufu ya mayai viza ikakujaa puani.

Niling'oa mche mmoja. Mizizi ilikuwa myeusi, inakatika kama uzi uliooza. Niliurudisha upesi kwenye tope, kisha nikatazama huku na huku kama kuna mtu aliyeniona.

Nilijua sababu. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimemaliza chuo cha kilimo mwaka uliotangulia, nikaletwa kijijini Hetang, kusini mwa mkoa wa Jiangxi, nikae na wakulima miaka miwili niwasaidie kuurudishia udongo wao nguvu. Nilikuja na furaha kubwa. Niliamini kwamba mtu akipenda watu na akisoma vizuri, mengine yatajipanga yenyewe. Wanakijiji waliniita Mtaalamu, nusu kwa heshima na nusu kwa utani, na Bibi Yuezhen, mjane wa miaka sabini na mmoja, alinipa chumba cha juu nyumbani kwake. Asubuhi ya kwanza alinipikia mayai mawili katika maji ya sukari, kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima, akakaa mbele yangu mpaka nilipoyamaliza.

Udongo wa Hetang ni mwekundu na mchachu. Kwa miaka thelathini ulikuwa umelishwa mbolea ya magunia tu, ukawa mgumu, ukikauka unavunjika vipande kama kigae. Kila mwaka watu waliongeza mbolea na kila mwaka mpunga uliongezeka kidogo kuliko mwaka uliopita, mpaka ukaacha kuongezeka. Dawa niliyoileta haikuwa mpya. Ni mmea wa jamii ya kunde ambao wazee wanauita majani ya maua mekundu, ingawa maua yenyewe ni ya zambarau. Mbegu zake hurushwa katikati ya mpunga wa pili wa mwaka kabla haujavunwa, zikaota chini chini wakati wote wa baridi shamba likiwa limelala, na ikifika Aprili shamba zima linachanua. Hapo unalima na kuyafukia yote, yaoze, yawe chakula cha mpunga.

Siku niliyoeleza hayo kwenye jumba la ukoo, kijiji kinapofanyia mikutano, Bibi Yuezhen alinikatiza.

"Kumbe chuoni mnafundishwa mambo ya mama mkwe wangu?"

Watu walicheka mpaka nikacheka na mimi. Lakini ni yeye aliyeinua mkono wa kwanza. Baada yake kaya nyingine kumi zilikubali, nami niliandika maelekezo kwenye karatasi nyekundu, nikaibandika mlangoni. Fukieni maua yanapokuwa yamefunguka yote. Nyunyizeni chokaa. Mwisho ni tarehe nane Aprili, ili majani yapate wiki mbili za kuoza kabla miche haijaingia. Mkichelewa, niliandika, majani yataozea chini ya miguu ya mpunga, yatamaliza hewa yote iliyo topeni na kutoa sumu, na mizizi itakufa.

Niliandika mwenyewe, kwa mkono wangu.

Tarehe nne Aprili, siku ya kufagia makaburi, ofisa mmoja wa tarafa alinipigia simu. Wakubwa wa wilaya walikuwa wanakuja tarehe kumi na sita pamoja na watu wa televisheni.

"Dada Muqing, lile shamba la kando ya barabara lisiguswe. Maua yake ni ya ajabu."

"Lakini kufukia kunatakiwa kuwe..."

"Siku chache tu. Acha watu waione kazi yako."

Kazi yako. Maneno hayo mawili yaliniingia kama pombe. Shamba la kando ya barabara lilikuwa la Bibi Yuezhen, nusu eka, ndilo shamba pekee alilokuwa nalo.

Nilimkuta uani akisafisha jembe kwa kipande cha mwanzi.

"Bibi, nilikuwa nafikiri tungoje siku kumi kufukia."

"Tungoje nini?"

"Kuna wageni wanataka kuona maua."

"Si waje kesho? Shuigen analeta pawatila anilimie keshokutwa."

"Wanakuja tarehe kumi na sita."

Aliacha kusafisha. "Miche yangu kitaluni ina siku ngapi?"

"Kumi na nne."

"Tarehe kumi na sita itakuwa na ngapi?"

Nilijua. Ishirini na sita. Ilikuwa haiwezi kungoja tena baada ya hapo. Mche ukizeeka kitaluni hauna faida. "Inavumilia, Bibi," nikasema. "Tutaongeza chokaa. Tutalima mara mbili."

"Majani haya yakikomaa yanakuwa kamba, mwanangu. Hayaozi haraka."

"Siku kumi tu. Nifanyie mimi."

Alinitazama. Sikuweza kusoma uso wake, au sikutaka. Mwishowe alichukua tena kile kipande cha mwanzi.

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Wageni walikaa dakika arobaini. Bibi Yuezhen alivaa koti jipya la buluu, akaambiwa asimame katikati ya maua. "Mama, inama kidogo kama unayanusa," mpiga picha alimwambia, naye akainama. Mimi niliongea mbele ya kamera kuhusu udongo ulio hai na vijana wanaorudi vijijini. Nilifurahi. Ni lazima niseme hivyo, kwa sababu baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba moyo wangu ulikuwa mzito siku ile. Haukuwa mzito. Nilifurahi kuliko siku ya mahafali yangu.

Tarehe kumi na saba ilinyesha. Tarehe kumi na nane Lai Shuigen alikuja na pawatila yake. Shuigen ni mtu wa miaka hamsini, mwenye sauti kubwa. Amekodi mashamba ya karibu nusu ya kijiji, ya watu waliokwenda viwandani, na shamba la Bibi Yuezhen liko katikati ya mawili anayolima yeye. Majani yalikuwa yamefika magotini, yamekomaa, yakajisokota kwenye meno ya mashine. Alisimama mara tano kuyakata kwa mundu.

"Mtaalamu, hii ni mbolea au nyavu za samaki?" alipiga kelele.

Nilicheka na kumpungia mkono.

Siku nne baadaye tulipandikiza. Nilikuwa nimewaandikia watu wiki mbili; kwa Bibi Yuezhen zikawa siku nne, kwa kuwa miche haikuweza kungoja zaidi.

Ilipofika siku ya kumi na tano watu walianza kusimama ukingoni kutazama. Jioni moja walikuwa wanne hivi, Shuigen akiwa mmoja wao, jembe begani, suruali imekunjwa. Bibi Yuezhen alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, akipalilia ukingoni kwa jembe.

"Bibi, mpunga wako umegoma kazi?" Shuigen alisema. "Unadai nini?"

"Unadai unyamaze," Bibi alimjibu, na watu wakacheka.

"Hapana, kweli. Shamba hili lina majani mengi kuliko ya wote. Ilitakiwa liwe la kwanza. Mtaalamu, hebu tuambie, kuna nini hapa?"

Wote walinigeukia. Nilitazama tope. Ningeweza kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: nilimwomba achelewe kwa ajili ya wageni wangu. Nikafikiria karatasi nyekundu mlangoni, nikafikiria zile kaya kumi, nikafikiria uso wangu kwenye televisheni.

"Labda," nikasema, "labda maji yalizidi."

Hetang, maji ya shamba ni kazi ya mwenye shamba. Anayaingiza mwenyewe, anayatoa mwenyewe, na hakuna mtu mwingine wa kulaumiwa. Kila aliyekuwepo alielewa nilichosema. Bibi Yuezhen aliinua uso, akanitazama, si kwa muda mrefu. Kisha akaweka jembe lake begani akaenda nyumbani, na mlango mdogo wa maji akauacha kama ulivyokuwa.

Kesho yake dukani walikuwa wameshamaliza hukumu. Nilikwenda kununua kiberiti nikawakuta.

"Analala huku maji yamefunguliwa."

"Sabini na moja si mchezo, jamani. Mama yangu akiwa na umri huo alikuwa anaweka chumvi kwenye chai."

"Mwanawe angemchukua tu. Aibu, mzee kama yule bado anazama topeni."

Nilinunua kiberiti changu nikatoka. Nilipita mbele ya jumba la ukoo bila kugeuza kichwa, kwa sababu karatasi yangu ilikuwa bado pale, na tarehe ilisomeka vizuri ukiwa mbali.

Ndivyo siku ya ishirini na mbili ilivyonikuta nikichungulia mizizi kama mwizi. Niliporudi nyumbani Bibi Yuezhen alikuwa ameketi kizingitini akimenya maharage mabichi.

"Chunsheng amepiga simu," alisema bila kuinua kichwa. Chunsheng ni mwanawe wa pekee, yuko Foshan kwenye kiwanda cha samani. "Anakuja sikukuu ya mashua. Anataka kuongea na Shuigen alichukue shamba."

"Na wewe?"

"Mimi ananipeleka Foshan. Ghorofa ya kumi na nane. Nitakaa nitazame mashine ya kufua inavyozunguka." Alitupa maganda kwenye kikapu. "Amesikia kwamba siwezi tena hata kuangalia maji."

Nilikaa chini, palepale kwenye mawe ya uani, miguu yangu ingali na tope. Nilisema yote. Kwamba si maji. Kwamba ni majani, ni zile siku kumi, na kwamba nilijua tangu nilipomwomba, na nilijua niliposema maji. Nilikuwa nalia, na nilikuwa najisikia nikilia, jambo ambalo lilinitia aibu zaidi.

Alimaliza kumenya aliyokuwa nayo mkononi.

"Nilinusa siku ya sita," alisema.

"Ulijua?"

"Nilikuwa nafukia majani haya kabla mama yako hajazaliwa. Unadhani pua yangu ni ya kuvutia mafua tu?"

"Sasa Bibi, kwa nini hukuyatoa maji, ukaukausha udongo? Ungetoa wiki iliyopita mizizi mipya ingekuwa imeota. Dawa yake ndiyo hiyo."

"Naijua dawa yake." Sasa ndipo aliponitazama. "Ulisema mbele za watu kwamba maji yalizidi. Ningeyatoa kesho yake, si ningekuwa nimekubali?"

Nilikuwa nimehesabu hasara ya siku kumi. Kumbe kulikuwa na siku saba nyingine, za uongo wangu tu, ambazo mpunga uliendelea kuzama kwenye sumu kwa sababu mwanamke huyu hakutaka kuonekana amekiri kosa ambalo si lake.

"Kesho alfajiri nayatoa," alisema. "Wacha waseme. Fahari yangu siwezi kuipika."

"Nitawaambia, Bibi. Leo hii nitawaambia."

"Hutamwambia mtu."

"Lakini..."

"Sikiliza, binti. Miaka hamsini na miwili nalima. Wakijua kwamba nilisimamisha shamba nipigwe picha nikinusa maua, watanicheka mpaka kaburini. Afadhali waseme nimezeeka. Kuzeeka nimezeeka kweli." Aliinuka, akajipangusa. "Na hawatarusha tena hizo mbegu zako. Nyamaza. Nenda kanawe miguu."

Nilinawa miguu. Na nilipokuwa nanawa nilihisi nafuu. Katika mambo yote ya mwaka ule, hilo ndilo linaloniumiza nikilikumbuka: kwamba aliniamuru ninyamaze, na mimi nikapumua.

Nilinyamaza siku kumi na sita. Maji yalitoka, jua likapiga, tope likapasuka nyufa za kuingiza kidole. Tulinyunyiza chokaa na majivu ya jikoni. Siku ya saba nilichimba kwa kidole nikaona mzizi mweupe, mfupi, kama jino la mtoto. Mpunga ukaanza kuchipua, lakini wa majirani ulishafika juu ya goti na wa Bibi ulikuwa haujafika hata nusu ya muundi. Ungeiva wiki moja nyuma ya wengine, na Hetang tunavuna mara mbili: ukichelewa kuvuna wa kwanza unachelewa kupanda wa pili, na wa pili ukichelewa kutoa masuke, upepo wa baridi wa mwisho wa Septemba unayakuta na kuyaacha matupu. Kila mtu kijijini aliweza kupiga hesabu hiyo. Chunsheng pia.

Sikukuu ya mashua mwaka ule iliangukia mwisho wa Mei. Chunsheng alifika na sanduku la matunda na mashine ya kupimia shinikizo la damu. Ni mtu mpole, ana vidole viwili vilivyokatwa ncha na msumeno, na alinishukuru mara tatu kwa kukaa na mama yake. Bibi alikuwa amefunga wali wa kunata kwa majani ya mwanzi, amepika bata kwa pilipili, amekata mayai ya chumvi. Shuigen alialikwa, akaja na mtungi wa pombe ya mchele.

Walikula kwanza. Kisha Chunsheng akaweka vijiti chini.

"Mjomba Shuigen, lile shamba. Baada ya kuvuna huu mpunga, lichukue."

"Mimi sina shida," Shuigen alisema. "Liko katikati yangu. Ila mama yako je?"

"Mama yako yupo hapa," Bibi alisema. "Hajafa. Mnaweza kumuuliza."

"Mama, tumeshaongea."

"Umeongea wewe."

"Mama!" Chunsheng hakupandisha sauti, alionekana amechoka. "Nisingesema kitu kama mpunga ungekuwa mzuri. Mwaka jana nilinyamaza, mwaka juzi nilinyamaza. Lakini mtu asiyeweza tena kupima maji siku moja atateleza mferejini, nami nitaletewa habari kiwandani. Si mimi ninayesema. Mtaalamu mwenyewe alisema, mbele za watu."

Akanigeukia, kwa heshima, akingoja nimsaidie.

Bibi Yuezhen alinitazama pia. Alitikisa kichwa kidogo sana, kunikataza.

"Si maji," nikasema.

"Muqing," Bibi alisema.

"Maji hayakuzidi. Nilidanganya. Mama yako alitaka kufukia majani tarehe sita, nikamwomba angoje wageni wangu wamalize kupiga picha. Alinikatalia, nikambembeleza. Majani yalifukiwa tarehe kumi na nane, yakaozea chini ya mpunga. Nilikuwa najua yatafanya hivyo. Kisha Mjomba Shuigen aliponiuliza, nikamsingizia mama yako."

Nje bata waliobaki walikuwa wakigombana.

"Ngoja," Shuigen alisema polepole. "Yale mengine nililima tarehe sita, saba, nane. Hili nikalilima kumi na nane. Nilijiuliza siku ile. Nikasema, aa, mtaalamu yupo, hayo ni mambo ya sayansi." Akapiga paja. "Kwa hiyo mpunga umeuawa na picha!"

Alicheka. Sidhani alikusudia ubaya, ndivyo alivyo. Lakini nilimwona Bibi Yuezhen usoni kicheko kile kilipomfikia. Alikuwa mwekundu mpaka shingoni, kama msichana.

"Nilikuambia nini?" aliniuliza.

"Uliniambia nisiseme."

"Na umesema."

Alichukua bakuli lake akaenda jikoni, akala peke yake akitazama ukuta.

Chunsheng alisukuma bakuli lake kando. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unakula kwake siku zote hizo?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaenda jikoni kwa mama yake. Tulisikia sauti zao, yake ya chini na ya Bibi ya juu. Aliporudi alijimiminia pombe.

"Haendi Foshan," alisema. "Anasema akili yake ni nzima, kosa lake ni moja tu, kumhurumia mtoto wa watu. Sina la kujibu." Akamgeukia Shuigen. "Tungoje mpunga wa pili. Ukishindwa, njoo Novemba."

"Nitakuja, au sitakuja," Shuigen alisema. "Kunywa."

Kesho yake nilianza kupita nyumba zile kumi, moja moja, nikirudia maneno yaleyale. Nilidhani kusema mara ya pili kungekuwa rahisi. Nyumba ya nne mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika nguo alinisikiliza mpaka mwisho, kibanio mdomoni, kisha akakitoa.

"Kumbe ile karatasi nyekundu ilikuwa yetu sisi tu?"

Kaya tano ziliniambia palepale kwamba hazitarusha tena mbegu, ingawa mpunga wao ulikuwa mzuri kuliko miaka mingi. Mtu akishakudanganya jambo moja, walisema, utajuaje mengine?

Bibi Yuezhen hakunifukuza. Aliendelea kunipikia, akaniachia chakula mezani kimefunikwa kwa sahani, lakini hakusema nami neno. Juni ikaisha hivyo. Julai ikaanza. Asubuhi nilikuwa nikisikia akiongea na kuku, na niliwaonea kuku wivu.

Kijiji kizima kilivuna na kupandikiza upya kabla ya Julai kwisha. Sisi tuliingia shambani tarehe mosi Agosti, wa mwisho kabisa. Nasema sisi, ingawa hakuniita. Niliamka, nikachukua mundu, nikamfuata. Mavuno yalikuwa pungufu, gunia tano mahali pa nane, na niliyabeba mimi mwenyewe hadi uani ili nijue uzito wa zile tatu ambazo hazikuwepo. Ni mawazo ya kitoto. Kitu ambacho hakipo hakina uzito, na mgongo wangu haukunifundisha lolote.

Shuigen alikuja na pawatila bila kuitwa. Alilima siku nzima, akaondoka bila utani hata mmoja, jambo lililonishtua kuliko utani wake.

Kupandikiza kulichukua siku mbili. Jua lilikuwa limechemsha maji ya jaruba. Miguu ilikuwa inaungua. Siku ya pili, karibu na adhuhuri, sauti ilitoka nyuma yangu.

"Unachomeka kama nesi mwenye hasira."

Nilisimama na kishada cha miche mkononi. Bibi Yuezhen alikuwa ameinama, hakunitazama.

"Vidole vitatu," alisema. "Sukuma, achia. Mche si mgonjwa."

"Sawa, Bibi."

"Na usilie humo. Maji yana chumvi ya kutosha kwa jasho langu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu katika siku sitini na tano. Hatukuongea zaidi siku ile. Tulimaliza jua likiwa bado juu, tarehe tatu Agosti.

Masuke yalitoka tarehe kumi na tisa Septemba. Nilikwenda kuyaangalia kila siku, nikihesabu, nikitazama utabiri wa hali ya hewa mpaka macho yakaniuma. Upepo wa baridi ulifika tarehe ishirini na tano. Masuke mengi yalikuwa yameshachavushwa; upande wa kaskazini, unaopigwa moja kwa moja, kama suke moja kati ya sita lilibaki tupu. Bibi alilipitisha suke moja kati ya vidole vyake, akasikiliza, akasema, "Linaliwa," na Chunsheng alipopiga simu jioni alimwambia hivyohivyo, kisha wakaongea kuhusu shinikizo la damu. Shuigen na Novemba hawakutajwa.

Siku tatu baadaye niliweka mifuko ya mbegu mezani katika jumba la ukoo, nikakaa. Nilikuwa nimebandika karatasi mpya, na chini yake nimeandika jina langu kamili pamoja na kilichotokea kwa shamba lililochelewa, na aliyelichelewesha. Mpaka saa tatu asubuhi walikuwa wamekuja watu wanne. Mwanamke wa kibanio alikuja, akasoma karatasi yote akiwa amesimama, akaondoka bila mbegu. Kisha Bibi Yuezhen akaingia na beseni la plastiki.

"Nipimie za nusu eka."

"Bibi, sidhani kama unapaswa... Watu watasema..."

"Wameshasema. Mbegu zilikosa nini?"

Nilimpimia. Nyingine zikamwagika mezani, akaziokota moja moja kwa ncha ya kidole huku nikimtazama.

Tulikwenda shambani pamoja. Mpunga ulikuwa unaanza kuinamisha vichwa, na kati ya mistari tope lilikuwa na unyevu wa kutosha. Bibi aliingia, beseni kiunoni, akachota na kurusha, na mbegu zikanyesha kwenye majani kwa sauti ndogo ya mchanga. Nilimfuata nyuma na mfuko wangu, hatua kwa hatua, nikikanyaga mlemle alimokanyaga yeye. Tulikwenda hivyo mpaka katikati ya jaruba. Hapo alisimama, akageuka.

"Unanifuata nini kama mwizi? Hapo nyuma nimesharusha. Shika mstari wako."

Nilihamia mstari wa pili, nikachota mbegu mfukoni.

"Si nyingi hivyo," alisema.

Nikapunguza.